Panapouma Sipo Penye Kosa: Kuipima Baiskeli Kuanzia Wayo

Mwendesha baiskeli akilalamika kwamba viganja vinakufa ganzi, ushauri wa kwanza anaopewa ni glavu nene. Akisema makalio yanawaka moto, anaambiwa anunue siti laini. Goti likiuma, apumzike. Washauri wana nia njema, ila wanatibu panapolia na kuliacha kosa lilipo. Mara nyingi viganja hufa ganzi kwa sababu pua ya siti imeinama na mwili mzima unateremkia mikononi. Makalio huwaka kwa sababu siti iko juu mno, nyonga zinayumba kushoto na kulia na ngozi inasuguliwa kila mzunguko. Goti huuma kwa sababu kliti, kipande cha chini ya kiatu kinachonasa kwenye pedali, imefungwa upogo. Mwili unagusa baiskeli mahali patatu tu, yaani pedali, siti na usukani, na ukisogeza kimoja umeshavisogeza vingine viwili.

Anayezungusha pedali mara 85 kwa dakika hukunja na kunyoosha kila goti zaidi ya mara 5,000 kwa saa. Kosa la milimita 5 huwezi kulihisi ukisimama, lakini goti litakuwa limeshalibeba mara 5,000 kabla hujafika unakokwenda. Ndiyo maana baiskeli hurekebishwa kwa milimita, na ndiyo maana kuna mfuatano: viatu na kliti kwanza, halafu urefu wa siti, halafu siti mbele au nyuma, halafu mwinamo wake, usukani mwisho. Wengi huanza na usukani kwa kuwa uko mbele ya macho. Ukianza huko, kila utakachofanya kwenye siti kitavuruga kazi yako, maana siti ikirudi nyuma sentimita 1, usukani nao umeshakuwa mbali zaidi kwa sentimita hiyohiyo.

Kiatu cha baiskeli kina soli ngumu makusudi. Soli laini hujikunja juu ya pedali na nguvu yote ya mguu hutua kwenye eneo dogo la wayo, wakati soli ngumu huisambaza. Ila ugumu huohuo hauna huruma na kipimo kibaya. Kiatu cha kutembelea kikibana huenda kikalegea baada ya wiki mbili, hiki hakilegei. Vijaribu jioni, miguu ikiwa imevimba kidogo kwa shughuli za siku, ukiwa umevaa soksi utakazoendeshea. Kisigino kisipande ukinyanyua mguu, na mbele ya vidole ibaki nafasi ya milimita 5 hadi 10. Kuhusu upana kuna jaribio lisilodanganya: chomoa soli ya ndani, iweke sakafuni, isimamie kwa uzito wako wote. Nyama ya wayo ikimwagika nje ya ukingo upande wa kidole kidogo, kiatu hicho ni chembamba kwako hata kama namba ni yako.

Wayo ukianza kuwaka moto baada ya saa moja au mbili, jua kwamba neva zinazopita katikati ya mifupa mirefu ya wayo zimebanwa. Legeza kwanza mkanda wa mbele, ule ulio karibu na vidole. Huo hauhitaji kukazwa sana, kazi ya kushikilia mguu ni ya mkanda wa juu. Ikishindikana, rudisha kliti nyuma. Ikishindikana tena, tafuta soli ya ndani inayoinua upinde wa wayo, kwa kuwa wayo unaobonyea kila unapokanyaga hutanuka na kujibana wenyewe.

Kliti ni kile kipande cha plastiki au chuma kinachofungwa chini ya kiatu ili kinase kwenye pedali. Kampuni ya Look ya Ufaransa ilitoa pedali za namna hii kwa baiskeli za barabarani mwaka 1984, na mwaka uliofuata Bernard Hinault akashinda Tour de France akizitumia. Zile ndogo za chuma zenye bolti 2, SPD za kampuni ya Shimano ya Japani, zilifuata mwaka 1990, na ndizo zinazomfaa anayetaka kushuka na kutembea, kwa sababu kliti hujificha ndani ya soli. Za bolti 3, kama zile za Look, ni pana, hutuliza mguu vizuri, lakini ukitembea nazo unateleza na zinalika.

Kufunga kliti ndiko kazi inayodharauliwa kuliko zote, na ndiko magoti mengi yanakoharibikia. Vaa kiatu, kaza mikanda, kisha papasa kwa kidole upande wa ndani wa wayo mpaka uguse nundu ya mfupa iliyo nyuma ya kidole gumba. Bandika kipande cha selotepu ya karatasi hapo na uweke alama kwa kalamu. Fanya vivyo hivyo upande wa nje, kwenye nundu ya kidole kidogo. Utaona alama ya nje iko nyuma kuliko ya ndani. Ekseli ya pedali inatakiwa ipite katikati ya alama hizo mbili. Kwa anayeendesha safari ndefu, mimi ningesogeza kliti nyuma milimita 3 hadi 5 zaidi, bila kusita. Kliti iliyo mbele mno humfanya mtu akanyage kwa ncha ya mguu kama anayechungulia juu ya ukuta: shavu la mguu linachoka, kano ya kisigino inavutika, na vidole ndivyo vinavyopokea mzigo.

Pembe ya kliti huchanganya hata mafundi. Keti juu ya meza, miguu ining'inie bila kugusa chini, utazame jinsi nyayo zinavyojielekeza zenyewe. Wengi wana mguu mmoja unaotoka nje kidogo kuliko mwingine, na hilo si kasoro, ndivyo mifupa ilivyo. Kliti iufuate mguu. Usiulazimishe mguu uifuate kliti. Hapa kuna mtego: ukitaka kisigino kiingie ndani na vidole vitoke nje, ncha ya kliti igeuzwe kuelekea upande wa kidole gumba. Watu hufanya kinyume, kwa kuwa wanaitazama kliti ikiwa imeelekea juu, kiatu kikiwa mkononi. Kwenye pedali ni kliti inayosimama wima na ni kiatu kinachogeuka. Kwa hesabu hiyohiyo, ukisogeza kliti kuelekea ndani ya kiatu, mguu unakwenda nje. Kisigino kikiwa kinakwangua krenki, ule mkono unaobeba pedali, na alama ya kukwanguliwa utaiona kwenye rangi, hilo ndilo la kufanya.

Halafu kuna mchezo, yaani nyuzi za pembe ambazo kisigino kinaweza kuzunguka kabla kliti haijachomoka. Watengenezaji huutambulisha kwa rangi, nao hawajakubaliana. Kwa kliti za Look Keo, nyeusi haina mchezo, kijivu ina nyuzi 4.5, nyekundu ina nyuzi 9. Kwa Shimano SPD-SL, zile za bolti 3, nyekundu ndiyo isiyo na mchezo, buluu ina nyuzi 2, njano ina nyuzi 6. Anayehama kutoka Look kwenda Shimano akanunua nyekundu kwa mazoea amefunga goti lake kwenye jiwe. Anayeanza achukue yenye mchezo mwingi. Kisha, ukiwa umenasa kwenye pedali, sukuma kisigino ndani halafu nje taratibu: pande zote mbili ziwe na nafasi. Mguu ukiwa unaegemea mwisho wa mchezo upande mmoja muda wote, pembe bado haijakaa.

Bolti za kliti hukazwa kwa Nyutoni-mita 5 hadi 6 (kipimo cha nguvu ya kukaza), na mikato yake ya skrubu ipakwe grisi kabla, la sivyo jasho na maji ya mvua huzila kutu mpaka siku ya kuzifungua zikatikie humo. Kabla ya kung'oa kliti iliyochakaa, chora ukingo wake wote kwenye soli kwa kalamu ya wino mzito. Dakika moja ya kuchora huokoa jioni nzima ya kutafuta pale ilipokuwa.

Urefu wa siti una kanuni nyingi, na zinazotegemewa hufikia karibu mahali pamoja. Simama peku, mgongo ukutani, miguu ikiachana kiasi cha sentimita 15. Weka kitabu chenye jalada gumu katikati ya miguu, ukivute juu hadi kibane kwenye msamba kama siti inavyobana, mgongo wa kitabu ukiwa umegusa ukuta. Pima kutoka ukingo wa juu wa kitabu hadi sakafuni, mara 3, uchukue wastani. Tuseme ni sentimita 80. Kanuni inayohusishwa na Greg LeMond, Mmarekani aliyeshinda Tour de France mwaka 1986, 1989 na 1990, inasema uzidishe kwa 0.883: unapata sentimita 70.6, kutoka katikati ya ekseli ya krenki hadi juu ya siti, ukifuata mwelekeo wa bomba la siti. Watafiti Hamley na Thomas waliandika mwaka 1967 kwamba umbali kutoka ekseli ya pedali ikiwa chini kabisa hadi juu ya siti uwe asilimia 109 ya kipimo hicho: sentimita 87.2, na ukitoa krenki ya sentimita 17 inabaki 70.2. Tofauti ni milimita 4 tu.

Hiyo namba ni mahali pa kuanzia. Haijui urefu wa wayo wako, unene wa soli yako wala ugumu wa misuli yako ya nyuma ya paja. Kwa hiyo funga siti hapo, panda baiskeli ikiwa imeshikiliwa imara, weka kisigino juu ya pedali iliyo chini kabisa: mguu uwe umenyooka bila nyonga kuinama kuufuata. Ukirudisha wayo mahali pake, goti litakunjika kidogo. Mwenye kipimapembe aangalie goti pedali ikiwa chini: likunjike kati ya nyuzi 25 na 35. Mwenye mwili usionyumbulika kirahisi, au mwenye goti bovu, akae karibu na 35.

Baada ya hapo mwombe mtu atazame kutoka nyuma ukiendesha. Aangalie mkanda wa kaptura. Ukipanda na kushuka kushoto na kulia kama mizani ya sokoni, siti iko juu. Siti ya juu huleta maumivu nyuma ya goti na kiunoni, na vidole vya miguu huchungulia chini kuitafuta pedali. Siti ya chini huleta maumivu mbele, chini au kandokando ya pia ya goti, kwa sababu goti linakunjwa kupita kiasi likiwa limebeba nguvu. Kati ya makosa hayo mawili, siti ya chini ndiyo inayowaumiza wanaoanza, maana wanataka kukanyaga ardhi kwa nyayo zote wakiwa wamekaa. Siti iliyo sawa haikuruhusu hivyo. Unasimama kwa kushuka mbele ya siti, ukiliacha bomba la juu la fremu katikati ya miguu.

Pandisha au teremsha milimita 3 kwa mara moja, usizidishe 5. Na bomba la siti lina mstari wa mwisho uliochongwa: ukionekana juu ya fremu, bomba limetoka kupita kiasi na linaweza kuvunjika au kupasua fremu. Katika hali hiyo tafuta bomba refu zaidi, au ukubali kwamba fremu ni ndogo kwako.

Siti mbele au nyuma hupimwa kwa timazi, ileile ya waashi, au uzi wenye nati nzito mwishoni. Krenki zilale sambamba na ardhi, uzi uning'inie kutoka kwenye nundu ya mfupa iliyo chini ya pia ya goti la mbele. Unatakiwa upite kwenye ekseli ya pedali. Mimi nakichukulia kipimo hiki kama mahali pa kuanzia tu, kwa sababu hakijui urefu wa kiwiliwili wala uzito wa mabega. Jaribio bora ni la mizani: baiskeli ikiwa kwenye stendi ya mazoezi, kanyaga kwa nguvu ya wastani huku umeinama mahali pako pa kawaida, halafu nyanyua viganja unene wa karatasi kutoka usukanini bila kuinua mgongo. Ukiweza kubaki hapo kwa pumzi 2 au 3, uzito wako uko juu ya miguu. Ukiangukia mbele, rudisha siti nyuma milimita 5 ujaribu tena. Wenye ganzi ya viganja wengi hupona hapa, bila glavu mpya. Kumbuka kwamba siti inaporudi nyuma inajiweka mbali na pedali pia: kwenye fremu yenye bomba la siti lenye pembe ya nyuzi 73, milimita 10 nyuma ni kama milimita 3 juu, kwa hiyo iteremshe kiasi hicho.

Mwinamo hauna maneno mengi. Hakikisha kwa pimamaji kwamba sakafu iko sawa, weka ubao mwembamba juu ya siti kutoka mkiani hadi puani, pimamaji juu yake. Anza na sawa kabisa. Pua ikiinama nyuzi 1 au 2 wengi huhisi nafuu. Ikizidi hapo unateleza, na mikono inafanya kazi ya kukusukuma urudi. Pua ikiinuka, msamba unabanwa.

Siti yenyewe sasa. Laini si raha. Siti yenye sponji nene hupendeza dakika 10 za kwanza, kisha mifupa ya makalio huzama, na sponji iliyosukumwa pembeni hupanda katikati, pale penye neva na mishipa ya damu ya msamba. Unachohitaji ni upana unaofaa, ili mifupa ndiyo ibebe. Tafuta kipande cha boksi lenye mawimbi ndani, kiweke juu ya kigoda kigumu kifupi, kikalie ukiwa umeinama kama unavyoendesha, magoti yakiwa juu kidogo ya nyonga. Shika kingo za kigoda ujivute chini kwa sekunde 20. Inuka kwa kunyooka, usijiburute. Boksi litabaki na vishimo 2. Ukilielekeza kwenye mwanga wa upande utaviona vizuri. Vipake chaki bapa na katikati ya kila kishimo patabaki bila rangi. Pima katikati hadi katikati, uongeze milimita 20 hadi 30. Vishimo vilivyoachana milimita 120 vinahitaji siti ya 140 hadi 150. Anayekaa wima zaidi aongeze zaidi, kwa kuwa nyonga ikisimama hukalia sehemu ya mifupa iliyo pana. Kwa jumla wanawake wana mifupa iliyoachana zaidi, lakini unene wa mtu hausemi lolote. Mwembamba anaweza kuhitaji siti pana kuliko jirani yake mnene.

Ganzi ya sehemu za siri isichukuliwe kuwa jambo la kawaida la mchezo huu. Kagua mwinamo, urefu na upana kwa mfuatano huo, jaribu siti yenye mfereji katikati, na simama juu ya pedali kwa sekunde chache kila dakika 10 au 15. Ikibaki baada ya kushuka, nenda kwa daktari. Kaptura yenye pedi huvaliwa bila chupi. Mshono wa chupi ndio chanzo cha michubuko mingi, na mchubuko usiooshwa huzaa jipu.

Usukani nitaupitia haraka, maana siti ikishakaa sehemu kubwa ya kazi imekwisha. Upana wake ukaribiane na umbali kati ya ncha za mifupa ya mabega yako. Viwiko vibaki vimekunjika kidogo. Vikikakamaa, kila shimo la barabara linapanda hadi shingoni. Ukijikuta unajivuta mbele kwenye pua ya siti, usukani uko mbali, na dawa yake ni shingo ya usukani iliyo fupi kwa milimita 10. Usiusogeze umbali huo kwa kuisukuma siti mbele, maana utaharibu goti ili kuokoa bega. Ganzi ya kidole kidogo na cha pete ni neva iliyobanwa kwenye kisigino cha kiganja, upande wa nje. Geuza kidogo pembe ya usukani au ubadilishe mshiko. Na wenye vidole vifupi watazame skrubu ndogo kwenye mkono wa breki: wengi hawajui kwamba mkono huo unaweza kusogezwa karibu.

Ukipandisha usukani kwa kuhamisha ringi za milimita 5 au 10, kaza kwanza bolti ya kifuniko cha juu hadi mchezo uishe, halafu ndipo ukaze bolti za pembeni. Shika breki ya mbele, itikise baiskeli mbele na nyuma. Ukisikia kugonga, haijakaa. Bolti nyingi za hapo zimeandikwa Nyutoni-mita 5 au karibu na hapo, na kwenye kaboni heshimu maandishi hayo kwa spana ya kupimia nguvu. Bomba la siti la kaboni halipakwi grisi ya kawaida, hupakwa losheni yake yenye chembechembe, kwa kuwa grisi hulifanya liteleze na wewe ukalikaza mpaka lipasuke.

Badilisha kitu kimoja tu, uendeshe safari 2 au 3, ndipo uguse kingine. Zungushia selotepu bomba la siti pale lilipoingia kwenye fremu, ili ujue ulikotoka. Andika vipimo 5: ekseli ya krenki hadi juu ya siti, pua ya siti hadi usukani, siti iko nyuma ya ekseli kwa kiasi gani, tofauti ya kimo kati ya siti na usukani, na mahali pa kliti kwenye kila kiatu. Siku ukinunua viatu vipya au pedali za aina nyingine, pima unene wa soli pamoja na kliti vikiwa juu ya pedali. Vikiwa vyembamba kwa milimita 4 kuliko vya zamani, siti iliyokuwa sawa jana leo iko juu milimita 4, na nyuma ya goti itakuambia kabla ya wiki kwisha.